Ulimi wa Mtani

Baba yangu alipika nguruwe kwa miaka mingi na hakumwonja hata siku moja. Nalisema mapema ili mtu asidhani ni siri ya ukoo. Tabora nzima ililijua jambo hili, na aliyekuwa halijui aliambiwa na jirani yetu wa mkono wa kulia, bure, hata kama hakuuliza.

Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya Serikali, mwendo mfupi kutoka stesheni, na nyumba yetu ilikuwa nyuma yake. Kabla ya uhuru aliwapikia Waingereza. Baada ya uhuru akawapikia wataalamu wa kila taifa lililotaka kutusaidia, na yalikuwa mengi. Wageni walibadilika, bendera ya uani ikabadilika, jiko likabaki lile lile la kuni, lenye mlango uliofungwa kwa waya. Mgeni akitaka nguruwe, nyama ililetwa kutoka kwa mapadri na baba aliipika. Msikitini walimsema. Yeye alijibu kwamba mkono huoshwa, na mdomo wake haumo kwenye mkataba wa kazi.

Nguruwe alikuwa na sufuria yake, ya masikio mawili, sikio moja limezungushiwa waya mwekundu isije ikachanganywa. Alikuwa na kisu chake na ubao wake. Kazi ikiisha baba aliviosha vyote mara saba, mara moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Nilikuwa nasimama mlangoni nahesabu, kisha nahesabu tena kwa vidole, maana hata nilipokuwa mdogo sikumwamini mtu yeyote na hesabu. Baba hakuwahi kunitapeli hata mara moja. Ndiye mtu pekee Tabora ninayeweza kumwandikia hivyo.

Alipika kwa pua na kwa masikio. Kitunguu kikiungua alijua akiwa uani. Mafuta yalipokuwa yanakaanga nyama alisikiliza mlio wake. Ukipungua na kuwa mwembamba, aliitoa, na haikuwa mbichi wala haikuwa kavu. Lakini chumvi haina harufu, na wala hailii. Kwa chumvi ilibidi awe na mtu.

Mtu huyo alikuwa mtunza bustani wa nyumba ile ile, Mnyamwezi wa Usoke, Mkristo, wa rika la baba, mfupi, mwenye meno mazuri aliyopenda kuyaonyesha. Kila baba alipokuwa na sufuria yenye waya mwekundu jikoni, alipiga mwiko kwenye ukingo wa dirisha, na yule bwana aliacha jembe, akanawa, akaja kuonja. Hiyo haikuwa kazi yake na hakuna aliyemlipa. Alikuwa mtani wetu, basi.

Lazima nieleze hapo. Babu yake baba alikuwa Mzaramo aliyepanda bara na msafara, akachoka njiani na kubaki. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama hizo za misafara. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako na usinune. Anaweza kukamata kuku wako uani na kwenda naye. Na ukifiwa, wakati wengine wanalia, yeye huja anapiga kelele, anamtukana marehemu, anadai fidia, mpaka watu wacheke wakiwa na machozi. Asipofanya hivyo amekudharau.

Kwa hiyo jikoni mwetu palikuwa hivi kila siku:

“Haya, mtumwa wangu,” baba alisema, akimpa kijiko. “Fungua hilo shimo.”

“Mtumwa ni wewe uliyefuata harufu ya wali kutoka pwani mpaka ukapotea njia.” Anaonja. Anafumba jicho moja. “Bado.”

Baba anatia chumvi, kiasi cha kubana na vidole vitatu. “Na sasa?”

“Sasa hapo. Usiongeze hata punje, utatuletea bahari yenu huku.”

Ilikuwa ni “bado” moja, halafu “sasa hapo.” Siku zote. Baba alikuwa anapunguza makusudi mwanzoni ili mwenzake apate la kusema.

Mjapani alikuja wakati ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini. Alikuwa fundi wa pampu za maji, kijana mwembamba aliyevaa kofia mpaka ndani. Vijiji vipya vilikuwa vimepangwa mahali pazuri kwa kila kitu isipokuwa maji, naye aliletwa kuyatafuta. Wiki nzima alikuwa porini, Jumamosi alirudi na vumbi la rangi tatu, na alichokitaka ni chakula kimoja tu. Kilikuwa na jina la kwao, katsukare. Baba alilitamka mara mbili tatu akaona linamchelewesha, akakiita nyama ya koti.

Alimfundisha baba kwa mikono, kwa kuwa Kiswahili chake wakati huo kilikuwa salamu tu. Nyama unaipiga kwa chupa mpaka itandae. Unaipaka unga, unaichovya kwenye yai, halafu unaivisha koti la mkate mkavu uliosagwa, ndipo unaikaanga katika mafuta mengi. Mchuzi ni mambo mengine. Unga wa ngano unakaangwa kwenye samli pamoja na bizari mpaka ugeuke rangi ya ngozi ya kiatu, kisha unamiminiwa supu ya mifupa ya mnyama yule yule, viazi, karoti, na mchuzi unakuwa mzito kama uji wa mgonjwa. Unaumwaga kando ya wali. Nyama unaikata vipande vya upana wa kidole na kuilaza juu, nusu kwenye mchuzi na nusu nje, koti lisilowe lote.

Mpaka hapo baba alielewa. Kisha Mjapani akaonyesha chupa ya asali iliyokuwa mezani.

“Asali?” baba alisema.

Mjapani akaonyesha sufuria.

“Ndani ya mchuzi wa bizari?”

Akaitikia kwa kichwa. Akaonyesha tena kwamba kwao wanakwangua na tunda fulani, na kwa kuwa halikuwepo, wakakwangua embe. Baba alitia huku anasema bismillahi kwa sauti, jambo ambalo kwa sufuria ile halikuwa na maana, lakini ulimi una mazoea yake. Kisha akagonga dirisha.

Mtani alionja. Alikilamba kijiko pande zote mbili.

“Vipi?”

“Mtumwa wangu,” alisema, “nakuonea huruma. Kweli kabisa. Dini yako nzuri, lakini leo imekugharimu.”

Mimi wakati huo nilikuwa mwanamke kijana, nina meza sokoni, nauza asali, mchele na chumvi ya Uvinza, na nimekwisha kujulikana. Kazi yangu kwa chakula kile ilikuwa mkate. Mkate wa boflo ulianza kuadimika. Tulipanga foleni kwenye duka la ushirika toka alfajiri, na mara nyingi foleni ilikuwa ndefu kuliko mkate. Nilipoupata, baba aliuanika juu ya bati mpaka ukakauka, halafu akautwanga kwenye kinu. Jirani wa mkono wa kulia alisikia mtwango, akachungulia, akaona ni mkate. Alishika kiuno.

“Watu wanalala na njaa, nyie mnatwanga mkate kama mtama?”

“Tunautengenezea nguruwe koti,” mtani alimjibu kutoka bustanini. “Anasikia baridi.”

Hizo ndizo zilikuwa siku nzuri. Wakati ule nilidhani ni siku za kawaida.

Zamu ya Usoke ikafika. Mke wa mtani na watoto walikuwa kwenye shamba lao la zamani, mbali na reli, na siku moja waliambiwa wabebe walichoweza. Paa la nyumba lilikwisha kung'olewa walipokuwa bado wanafunga mizigo. Kijiji kipya kilikuwa nyuma ya stesheni, mistari imenyooka, kila mtu na kiwanja chake. Asiyekuja kujenga mwenyewe kiwanja kinapewa mwingine. Mtani aliacha kazi. Alikuja jikoni kuaga akiwa na jembe lake limefungwa kwa gunia.

“Kwaheri, mtumwa wangu. Usiwaue watu kwa chumvi.”

“Nenda, nenda,” baba alisema. “Babu zenu walibeba pembe mpaka baharini, wewe jembe tu la hapo Usoke limekukunja mgongo.”

Walicheka. Baba hakumsindikiza stesheni. Alisema ana maharage motoni. Nilikwenda kutazama, hapakuwa na maharage.

Alijaribu waonjaji wengine. Mlinzi wa zamu alikuwa radhi sana. Kila alichopewa alisema kitamu, na angesema hivyo hata angepewa maji ya kuoshea sahani, kwa sababu alikuwa na njaa na hakutaka kuonja kukome. Baba akaanza kumwuliza mlaji mwenyewe. Kiswahili cha Mjapani sasa kilikuwa kimekua. Baba alisimama mlangoni na kitambaa begani: “Chumvi, bwana?” Mjapani aliinama kidogo. “Nzuri sana.” Wiki iliyofuata, nzuri sana. Mwezi uliofuata, nzuri sana.

Kisha Jumamosi moja mlinzi, baada ya kupewa mabaki, alirudi jikoni na sahani mkononi, ananong'ona. Alikuwa anaomba chumvi. Baba alitazama kopo la chumvi, akakumbuka kwamba siku hiyo hakulifungua kabisa. Na Mjapani alikuwa amekwisha kumaliza sahani, amepangusa mdomo, amesema nzuri sana.

Baba alirudi nyumbani kama mtu aliyeibiwa.

“Miezi yote hii,” aliniambia. “Miezi yote hii nimekuwa nampikia nini? Yule ni mtu wa heshima, atakula hata majivu na kuinama. Mimi sina wa kuniambia ‘bado.’”

 Ningemwambia nini? Sokoni kwetu watu hawana heshima ya namna hiyo, tunaambizana papo hapo.

Mkataba wa Mjapani ukafika mwisho. Mkubwa wake alikuwa anakuja kutoka Dar es Salaam kumchukua, na Mjapani alimwomba baba kitu kimoja: siku ya kuondoka, wapikiwe wote wawili nyama ya koti. Baba alikubali, halafu akaja kunitafuta sokoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

“Nataka mtani aje,” alisema. “Chakula kile cha mwisho sitakipika bila ulimi wake. Nimempikia mgeni vibaya mwaka mzima, nataka angalau mara moja aondoke amekula. Wewe unajua kusema na watu. Nenda ukamlete.”

Nilichukua chumvi kidogo kwa ajili ya biashara, maana sijawahi kupanda treni mikono mitupu, nikaenda Usoke.

Kijiji kilinyooka kweli. Nyumba zote zilitazama upande mmoja kama watu waliogombana na jua. Kutoka bila ruhusa ilikuwa shida wakati ule wa kupalilia tumbaku, kwa hiyo nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye kanzu ya kaki na redio iliyokuwa haisemi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Unamtaka wa nini?”

“Anahitajika Tabora, mara moja.”

“Kwa kazi gani?”

Nilitafuta neno zuri nikalikosa. “Kuonja mchuzi.”

Alinitazama. “Binti, hapa mtu ananiomba ruhusa kwenda kuzika mama yake namwambia amalize mistari miwili ya tumbaku. Wewe unataka mtu akaonje mchuzi?”

“Mchuzi wa mgeni wa Serikali. Yule Mjapani wa pampu.”

Hilo lilimgusa, kwa kuwa pampu ya kijiji kile ilikuwa imefungwa na huyo huyo. Akanipa siku moja. Nikamwambia kwa siku moja treni haijafika hata Tabora, sembuse kugeuza. Nikataka nne. Akakataa. Nikaomba maji ya kunywa, nikayanywa polepole, na wakati nayanywa nikaweka mfuko wangu wa chumvi juu ya meza kama mtu anayepumzisha mkono. Usoke hapakuwa na chumvi. Nilikwisha kuona njiani wanawake wanavyochemsha majivu. Mwenyekiti alisema, kwa ajili ya kijiji, angeweza kufikiria siku mbili. Nilisema tatu na mfuko unabaki. Tukaafikiana.

Mtani nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha paa jipya. Nilipita. Nikarudi. Sikumtambua mara ya kwanza. Alikuwa amepungua kiasi kwamba yale meno aliyokuwa anayaonyesha kwa hiari sasa yalijionyesha yenyewe. Mkewe alisema ni homa, ilimlaza msimu mzima wa mvua, zahanati walimpa dawa, dawa ikaisha, akaendelea na mwarobaini.

“Mchumba!” aliniita, ndivyo alivyokuwa ananiita tangu nina meno ya utoto. “Umekuja kunichukua?”

“Nimekulipia kabisa. Mfuko wa chumvi.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Babu zenu walituuza kwa kaniki, wewe umeninunua kwa chumvi. Bei imepanda hiyo au imeshuka?”

“Kwa hali yako nimepunjwa.”

Njiani alikuwa na chupa ya mwarobaini uliochemshwa, maji yake meusi. Kila alipokunywa, alikunywa kama mtu anayekunywa chai, anaendelea na mazungumzo. Mimi nilionja tone moja kwa ubishi, nikatema dirishani mpaka Tabora. Nilijisemea, huyu mzee ni mwanamume.

Baba alikuwa mlangoni mwa jiko tulipofika. Alimtazama mwenzake kuanzia miguuni kwenda juu.  Kisha akasema, kwa sauti ya siku zote:

“Wamekulisha nini huko kijijini, mtumwa wangu? Wamekufanya ufito wa kujengea?”

“Nilikuambia usiwaue watu kwa chumvi, nikasikia unawaua kwa kutoitia.”

Mchana ule mafuta yalilia, bizari ikapanda puani, asali ikaingia, embe likakwanguliwa. Mtani aliketi kwenye gogo lake la zamani karibu na dirisha, chupa yake miguuni. Wageni wawili walikuwa barazani wanaongea Kijapani. Baba alitia chumvi kwenye mchuzi, akipunguza makusudi kama kawaida. Nilikuwa nakatakata vitunguu vya kachumbari, nikahesabu vijiko vyake, nikahesabu tena. Akagonga mwiko kwenye ukingo wa dirisha, ingawa mtu mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo.

Mtani alionja. Alifumba jicho moja.

“Bado.”

Baba akabana chumvi kwa vidole vitatu, akatia, akakoroga. Akampa tena kijiko.

Mtani alionja. Alikaa. Alionja tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua na haitikiwi.

“Bado kidogo,” alisema.

“Bado” mbili hazijawahi kutokea katika jiko lile. Baba alisimama na mwiko. Alimtazama mwenzake, halafu akaitazama ile chupa ya mwarobaini, ambayo ilikwisha kufika nusu. Ndipo na mimi nikaelewa yale ya kwenye treni. Hakuwa na ushujaa wowote. Ulimi wake ulikuwa umekufa.

Baba aliingiza mkono kwenye kopo la chumvi. Aliukaza mle ndani, akautoa, akaunyoosha juu ya sufuria na kusugua vidole, hivi, kama anavyofanya kila mpishi. Hakikudondoka kitu. Nilikuwa upande wa mwanga na niliona vizuri: mkono ulikuwa mtupu. Alikoroga kwa bidii, akampa kijiko mara ya tatu.

“Na sasa?”

Mtani alionja. Meno yote yakaonekana.

“Sasa hapo! Sasa hapo, mtumwa wangu. Usiongeze hata punje.”

Chakula kikapelekwa. Baba alisimama mlangoni na kitambaa begani, lakini hakuuliza. Mjapani alikula kijiko cha kwanza akaweka kijiko chini. Alikichukua tena, akala mpaka mwisho bila kuongea na mkubwa wake, na nzuri sana hakuisema. Alipomaliza alitoka mpaka jikoni, akasimama mbele ya wazee wale wawili, mmoja mwenye mwiko na mwingine mwenye chupa, akainama mpaka nikaona mgongo wa shati lake wote.

“Amependa,” mtani alisema alipoondoka. “Bila mimi ungefedheheka.”

“Kweli,” baba alisema. “Bila wewe ningefedheheka.”

Hilo nalo halikuwahi kutokea. Watani hawakubaliani.

Safari hii baba alimsindikiza stesheni. Alimfungia vipande vya nyama ya koti kwenye jani la mgomba, ampelekee mkewe. Treni ilichelewa sana, nao wakakaa kwenye benchi wanatukanana mpaka abiria wengine wakasogea.

Habari ilitufikia mvua zilipoanza tena. Karani mmoja wa treni aliyewajua wote wawili alipita jikoni, akavua kofia, akasema mtani wako amekuacha, wamemzika jana.

 Baba alikwenda sokoni akanunua nyama ya ng'ombe. Mkate wa siku hiyo niliupata kwa njia ambazo sitaziandika. Akaanika, akatwanga, jirani akachungulia na safari hii hakushika kiuno, alisema tu “poleni.” Baba alipika nyama ya koti nyumbani, kwenye sufuria ya mama, nyama halali tupu, chakula ambacho kwa mara ya kwanza angeweza kukionja mwenyewe. Hakukionja. Ile sufuria ya waya mwekundu, ambayo wakubwa wa nyumba ya wageni walikuwa wamemwachia baada ya Mjapani kuondoka kwa kuwa hakuna aliyeitaka, aliifungia kwenye gunia, tupu, tukapanda treni nayo.

Kaburi lilikuwa mwisho wa mstari wa nyumba, udongo bado mwekundu. Watu walikuwa wameketi chini kwa matanga, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na mjane katikati ya wanawake amefunika kichwa. Baba alianza kupiga kelele akiwa bado mbali.

“Yuko wapi? Yuko wapi mvivu huyo? Nimemgongea dirisha tangu jana haji! Amelala saa za kazi!”

Watu waligeuka. Mmoja akasema, “Mtani amefika,” nao wakajitengeneza, kama wanavyofanya watu wanaojua sasa wataruhusiwa kucheka.

“Mtumwa wangu nimemnunua kwa mfuko mzima wa chumvi, hajanifanyia kazi hata wiki! Namtaka! Mnirudishie mtu au mnirudishie chumvi!”

“Chumvi amekula mwenyekiti!” mtu alijibu, kicheko kikaanza. Mwenyekiti mwenyewe alicheka.

Baba alifika kaburini. Alifunua chakula, akachota mchuzi kwa kijiko, akauelekeza kwenye udongo.

“Haya, fungua hilo shimo. Onja! Chumvi?” Akasubiri, ameinamisha sikio. “Mnamwona? Mtu aliyekuwa ananisumbua kila siku bado, bado, leo amenuna. Sema basi! Imezidi au bado?”

Wanaume walikuwa wanapigana mabega. Mimi nilimtazama baba. Hakukishusha kijiko.

Ndipo mjane akainua kichwa. Alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo naye ni mtani wetu, na alikuwa na haki ya kujibu.

“Akuambie nini, wewe Mzaramo mwongo?” alipaza sauti. “Unamwuliza chumvi, siku ile ulimtilia chumvi gani? Alinieleza usiku ule ule aliporudi! Akasema, mtani wangu amejua ulimi wangu umekufa, akaogopa kunitangaza mbele ya binti yake. Ameingiza mkono kwenye kopo akautoa mtupu, mimi namwona! Nikamwambia ‘sasa hapo,’ nikamsifu mpaka koo likakauka! Watu wazima wawili wanadanganyana juu ya sufuria!”

Watu walicheka sana. Ilikuwa ya kuchekesha, na hawakuwa na namna ya kujua zaidi ya hapo. Waligeuka kwa baba kusubiri ajibu, maana mtani hujibu.

Baba alifungua mdomo. Akaufunga. Kijiko kilikuwa bado hewani.

“Ameshindwa!” wakapiga kelele. “Mzaramo ameshindwa! Alipe! Alipe!”

Mtani aliyekosa jibu hulipa. Mjane aliinuka, akaja mpaka kwenye mizigo yetu, akafungua gunia bila kuomba, akatoa sufuria ya waya mwekundu. Aliigeuza huku na huku kama ninavyogeuza mimi kitu sokoni. “Hii ndiyo fidia,” alisema. Akaenda akaifudikiza juu ya kaburi, upande wa kichwani, kwa mikono miwili, taratibu. Kicheko kiliisha chenyewe. Baba alipiga magoti kwenye udongo ule mbichi, na sikumwona uso wake kwa muda mrefu.

Baadaye chakula kiligawiwa waombolezaji. Mjane alimwekea baba sahani ya kwake: wali, mchuzi, vipande vya nyama ya ng'ombe yenye koti, nusu kwenye mchuzi na nusu nje. Alikula polepole, chakula alichokipika kwa miaka akiwa hakijui. Niliketi karibu yake. Nilisubiri atafune, ameze, atafune tena.

“Chumvi, baba?”

Hakunitazama. Alielekeza kidevu kule kwenye sufuria.

“Muulize yeye,” alisema.

Na mimi, ambaye hata wauza dagaa wa Kigoma walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya kunidanganya, niligeuka kweli nikatazama.